Kiwewe cha kazini: kwa nini askari na mzimamoto hawafiki kliniki

Mzimamoto mmoja alikuja kwetu akilalamikia tumbo. Alikuwa amekonda, amepimwa vidonda vya tumbo, minyoo na hata kisukari, na kila jibu likarudi safi. Tulipokaa naye kitako ndipo akadokeza, kama anayetaja jambo la pembeni tu, kwamba siku hizi hapiti Kenyatta Market. Akitoka zamu hushukia kituo cha mbele, kisha hurudi kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Wenyeji wa Nairobi wanalijua soko hilo kwa mambo mawili: wasusi na nyama choma. Moshi wa nyama ulikuwa ukimrudisha kwenye nyumba za mabati alizozima miezi saba nyuma, na kwa watu aliowatoa humo. Mambo kadhaa ya habari hii nimeyabadilisha asitambulike, lakini moshi ni ule ule.

Tumbo halikuwa na kosa. Alikuwa na kiwewe, na kiwewe kina tiba. Miezi saba yote ilipotelea njiani kuitafuta.

Kila binadamu akiona maiti ya mtoto atakosa usingizi siku chache, na hilo halihitaji daktari. Tunaanza kuita ugonjwa pale mwezi unapopita na mtu bado anarudiwa na tukio, akiwa macho au kwa jinamizi. Anakwepa mahali, harufu na mazungumzo. Moyo umekufa ganzi kwa mke na watoto. Na sufuria ikianguka jikoni yuko chini ya meza. Wengi huniambia, "Daktari, mimi sikuumia, nilikuwa kazini tu." Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, umelijibu hilo waziwazi. Umewataja wanaookota mabaki ya miili na polisi wanaosikiliza tena na tena visa vya watoto walionajisiwa. Kuumwa na kazi ya namna hiyo kumo katika maana yenyewe ya ugonjwa.

Nairobi tumejifunza hili kwa gharama. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998, daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji maelfu ya watu walioguswa na mlipuko, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa huu. Karani aliyenusurika siku ile angeweza kuhamia ofisi nyingine, asikanyage tena mtaa ule. Mzimamoto wa kituo cha Tom Mboya Street hana mahali pa kuhamia. King'ora kikilia kesho yake, anapanda gari.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, maana wafanyakazi hawa hawana mlango mmoja. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Mzimamoto, dereva wa ambulensi, askari wa kanjo na mhudumu wa mochari ya jiji ni wa kaunti. Wote wanaweza kukutana kwenye ajali moja usiku mmoja, wakabeba mwili mmoja, na asubuhi kila mmoja akawa na mwajiri wake, bima yake na ofisi yake ya kuuliza. Mhudumu wa mochari, nionavyo mimi, ndiye anayesahaulika kuliko wote. Hana sare ya kupigiwa saluti, hakuna anayemshukuru, na jirani akijua kazi yake anasita hata kumpa mkono.

Kwa polisi kizuizi kikubwa ni bunduki. Afisa akisema halali usiku, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama anafaa kubeba silaha. Akinyang'anywa, kambi nzima inajua kabla ya chai ya saa nne. Basi ananyamaza. Sisemi silaha isichukuliwe: mtu anayewaza kujiua au kuua asikae nayo hata usiku mmoja. Ninalolipinga ni kuichukua kama adhabu, kwa kelele na kwa barua ya nidhamu, badala ya kuiweka kando kwa muda kama tunavyomwambia dereva mwenye mguu wa plasta asiendeshe.

Kizuizi cha pili kilikuwa sheria yenyewe. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya, na aliyetumwa kumkamata mkosaji ni polisi. Hebu fikiria afisa mwenye mawazo hayo: ayaseme kwa nani, naye pingu anazo mwenyewe kiunoni? Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Hatua kubwa, ila bado nakutana na maafisa ambao habari hiyo haijawafikia.

Halafu kuna jina. Hospitali ya Mathari, kwenye Barabara ya Thika, ilianza mwaka 1910 kama hifadhi ya wendawazimu ya wakoloni, na hadi leo "peleka huyo Mathare" ni tusi. Methali ya mficha maradhi tunapenda sana kuwarushia wagonjwa. Ni wachache wanaouliza mgonjwa anamficha nani.

Na tiba yenyewe ikoje? Njia zilizothibitishwa ni za mazungumzo yanayoligusa tukio lenyewe, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, kimoja kila wiki. Dawa kama sertralini husaidia baadhi ya watu. Njia moja ninayoipenda humpa mgonjwa kamba, akailaza sakafuni tangu siku aliyozaliwa. Jambo jema huwekewa ua, baya jiwe. Afisa wa miaka 20 kazini anaweza kumaliza mawe ya kikapu kabla hajafika nusu ya utumishi wake. Kisha tunasimama kwenye jiwe moja naye anasimulia polepole: ilikuwa saa ngapi, alisimama wapi, alinusa nini, moyo ulifanyaje, na sasa hivi anapoyasema moyo unafanyaje. Tunaandika, na kikao kinachofuata tunamsomea. Njia hii ilijaribiwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na waliotibu hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Kaunti isiniambie haiwezi kwa kuwa madaktari wa akili ni wachache. Wauguzi na wanasihi inao.

Yasiyofaa nayo yasemwe. Kuwakusanya watu kesho yake baada ya mkasa na kumlazimisha kila mmoja aeleze alichoona, mara moja tu kisha basi, hakuzuii ugonjwa. Shirika la Afya Duniani halikushauri. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya Valium visitolewe kwa ajili ya kiwewe katika mwezi wa kwanza. Pombe kila mtu anajua, na kila mtu anaendelea.

Kwa wakubwa wa vituo nina ombi dogo kuliko mnavyodhani: saa mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, zisizohitaji maelezo. Tiba nyingi tulizoziona zikikatika zilikatwa na ratiba ya zamu. Mkubwa anahitaji kujua kama mtu anafaa kazini na kwa masharti gani. Simulizi ya kikao si yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Wewe uliye kazini, anza na kumbukumbu. Siku ya tukio hakikisha jina lako limo kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, au kitabu cha zamu, hata kama hukuchubuka. Chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, dai hupelekwa ndani ya miezi 12, na kiwewe kina tabia ya kujitokeza kwa kuchelewa. Jedwali la magonjwa ya kazi la sheria hiyo linatazama zaidi sumu, vumbi na vijidudu, kwa hiyo ripoti ya daktari inayotaja tukio na tarehe yake itakusaidia kuliko cheti kinachosema "msongo wa mawazo". Kuhusu malipo, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 mambo mengi yalibadilika. Uliza kwa maandishi unalipiwa vikao vingapi vya mgonjwa wa nje, na kliniki zipi. Polisi wana pia kitengo cha ushauri nasaha kwenye Tume ya Huduma ya Polisi, na hulazimiki kupitia kwa OCS, mkuu wa kituo chako, ili kuuliza.

Usiku ambao mawazo ya kujiua yanakuja, mkabidhi silaha mtu mwingine kabla ya jambo lolote, kisha piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mke wako pia anaweza kuipiga nambari hiyo. Kwa mzimamoto wetu ndivyo ilivyokuwa: mkewe ndiye aliyepiga simu kliniki, akasema mumewe ana shida ya tumbo.