Kumkumbusha mteja deni si kumfukuza

Wafanyabiashara wadogo wengi huamini kwamba kumkumbusha mteja deni ni kumvunjia heshima, na kwamba atahama. Si kweli. Mara nyingi amesahau tu, au ankara haikutaja tarehe ya kulipa, naye akatanguliza zile zilizoitaja. Anayehama kwa urahisi ni yule aliyeachwa hadi deni likakua: anaona aibu, anakukwepa, ananunua kwingine.

Na ukimya una gharama kubwa. Kama faida yako ni asilimia 10 ya mauzo, deni la 1,000 lisipolipwa litahitaji mauzo mapya ya 10,000 kulifidia. Basi mkumbushe siku chache kabla ya tarehe, kwa upole, ukitaja kiasi na namba ya ankara. Akikwama, kubalianeni awamu kwa maandishi.