Premiamu ya ofa si faida yako

Nimeulizwa tena: "Ofa ya kununua hisa zetu ina premiamu ya asilimia 44, kwa hiyo nimepata asilimia 44, sivyo?" Sivyo, ndugu yangu. Premiamu hulinganisha bei ya mnunuzi na bei ya sokoni kabla ya tangazo. Haijui wewe ulinunua lini, wala kwa bei gani.

Chukua Bamburi Cement, kampuni ya saruji ya Kenya. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitangaza kwamba itanunua kila hisa kwa shilingi 65 za Kenya, wakati huo hisa hizo zikiuzwa karibu 45 katika soko la Nairobi. Aliyekuwa na hisa 1,000 alizozipata kwa 30 alitoa 30,000, akalipwa 65,000: faida 35,000, zaidi ya asilimia 116. Aliyenunua idadi hiyo hiyo mwaka 2017 kwa 180 alilipwa 65,000 zile zile, na mtaji wake ukapungua kwa 115,000. Wote wawili walisoma premiamu moja gazetini.

Kwenye hesabu hiyo ongeza gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) ulilopokea miaka yote uliyoshika hisa, toa ada ya dalali ya siku uliyonunua. Kodi ya faida ya mtaji haitozwi kwa hisa zilizoorodheshwa Nairobi. Hapo hapana ugumu.

Ugumu, na kinachoniudhi kweli, ni hili: "70 ni kubwa kuliko 65, basi tungoje." Savannah Clinker, kampuni iliyoshindana na Amsons kuinunua Bamburi, ilipokuja na ofa ya 70, watu walijumlisha tano kwa kila hisa kana kwamba zimeshaingia benki. Hebu tupige hesabu. Wakati huo hati fungani za muda mfupi za serikali zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Shilingi 65 ukiiweka huko miezi sita inazaa 5.20 kabla ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa. Kwa hiyo 70 inayochelewa nusu mwaka haijakuzidishia chochote cha maana, hata kama ina hakika ya kuja.

Na kama haina hakika? Tuseme umeiacha 65 ikapita, ya 70 ikavunjika, bei ikarudi 50. Ili kungoja kulingane na kuuza, unahitaji uhakika wa asilimia 75, maana robo tatu ya 70 na robo ya 50 ndiyo 65. Savannah ilijiondoa kabla mwaka haujaisha. Amsons ikamaliza na zaidi ya asilimia 96 ya hisa.

Sasa, hiyo 75 unaipimaje? Vitabu vinaandika herufi moja kuiwakilisha, havisemi inapatikanaje, na kuendelea mbele. Mimi husoma masharti ya ofa, naangalia fedha zimedhaminiwa na nani na vibali gani bado, kisha nakisia. Ni kukisia kweli, na bei ya kurudia baada ya ofa kuvunjika ni kukisia pia.

Kuna na ofa zisizonunua hisa zote. Diageo, kampuni ya vinywaji ya Uingereza, ilipotoa 192 kwa hisa ya East African Breweries, kampuni ya bia ya Kenya, ilitaka kufika asilimia 65 tu ya kampuni. Katika ofa ya namna hiyo, waliojitokeza wakizidi, kila mmoja hukatwa kwa uwiano. Ukitoa hisa 1,000 zikachukuliwa 600, hizo 600 zihesabu kwa bei ya ofa. Zile 400 zilizorudi zihesabu kwa bei ya sokoni baada ya ofa kufungwa, kwa sababu mnunuzi wa 192 ameshaondoka.