Dawa za Parkinson na Tamaa Isiyozuilika: Maswali na Majibu

Swali: Je, ni kweli kwamba dawa ya Parkinson inaweza kumfanya mtu mwenye busara zake aanze kucheza kamari?

Jibu: Ni kweli. Katika ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, hufa kidogo kidogo, na upungufu wake ndio unaoleta mtetemeko, ukakamavu wa misuli na mwendo mzito. Baadhi ya dawa, zikiwemo pramipeksoli, ropiniroli na rotigotini, hufanya kazi kwa kuiga dopamini. Lakini dopamini haihusiki na misuli pekee. Ndiyo pia inayotusukuma kutafuta jambo lililotufurahisha na kulirudia. Dawa inapoichochea mno sehemu ya ubongo yenye msukumo huo, mgonjwa anaweza kushikwa na hamu inayomshinda nguvu, hata kama anajua fika kwamba inamdhuru.

Swali: Hamu hiyo hujitokeza vipi?

Jibu: Zaidi ni kamari, ununuzi wa vitu visivyohitajika, ulaji wa kupindukia na tamaa ya ngono isiyo ya kawaida kwa mhusika. Wengine hushikilia kazi isiyo na faida, kama kufungua redio na kuiunganisha tena usiku kucha, na wapo wanaomeza dawa kupita kipimo walichoandikiwa. Siku hizi mtu hubeti kwa simu akiwa kitandani, hivyo akiba ya miaka inaweza kuteketea kabla jamaa hawajashuku lolote.

Swali: Hutokea kwa wagonjwa wengi?

Jibu: Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, ulikuta angalau moja ya tabia nne za mwanzo tulizotaja kwa asilimia 13.6 yao. Miongoni mwa waliotumia dawa za kuiga dopamini, kiwango kilikuwa asilimia 17.1, kwa wasiozitumia, asilimia 6.9. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mdogo, wavutaji sigara na wenye ndugu waliowahi kutawaliwa na kamari, ingawa hata asiye na historia yoyote ya namna hiyo anaweza kupatwa.

Swali: Baba yetu amebadilika hivyo. Tumwachishe dawa?

Jibu: Hapana, msimwachishe wenyewe. Dawa hizi zikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kupatwa na hofu kali, huzuni na jasho jingi, na viungo vyake vikakakamaa tena. Mpelekeni kwa daktari aliyemwandikia, nanyi mweleze bila kuficha mliyoyaona na yalianza lini, kwa maana mzee mwenyewe huenda akaona haya kuyasema, au asione kabisa kwamba amebadilika. Daktari anaweza kupunguza kipimo taratibu, au kumhamishia kwenye levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na ambayo nayo huweza kuleta tatizo hili, ila kwa nadra zaidi. Kwa wengi, hamu hupungua kipimo kinaposhuka. Wakati huo mkubaliane naye mtu wa kumsaidia kutunza fedha, na tafadhali msimkemee kama mwenye tabia mbovu: aibu humfanya afiche zaidi, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Swali: Je, asiye na Parkinson anaweza kupata athari hii?

Jibu: Ndiyo. Dawa hizohizo, kwa kipimo kidogo zaidi, hutolewa kwa watu ambao miguu yao hukosa utulivu usiku, na wao pia huweza kupatwa. Kwa hiyo nao waulizwe kuhusu kamari na matumizi ya fedha kila wanaporudi kliniki.