Seti ya Kwanza ya Kurukia: Anza na Parachuti ya Akiba

Warukaji wapya wa parachuti hunitumia picha za seti wanazotaka kununua, yaani mkoba wa mgongoni wenye mikanda, parachuti kuu na ya akiba. Kwa kawaida ni picha ya mkoba uliopambwa kwa rangi nzuri, chini yake swali fupi: "Fundi, hii vipi?" Mimi ni fundi wa parachuti. Kazi yangu ni kufunga parachuti za akiba, kukagua seti na kushona palipochakaa. Kabla ya kusema lolote kuhusu picha huuliza mambo mawili: una uzito gani ukiwa umeshavaa kila kitu, na akiba iliyomo humo ina ukubwa gani? Wengi hulijua la kwanza kwa kukisia. La pili hawalijui kabisa, wakati ndilo lililopaswa kutangulia.

Watu hununua hivi: kwanza parachuti kuu, kwa kuwa ndiyo watakayoirusha kila wanapopanda ndege, kisha mkoba, kwa kuangalia rangi, mwisho akiba yoyote itakayoenea kwenye nafasi iliyobaki. Mimi nasema geuza mpango huo. Chagua akiba kwanza. Ukubwa wa akiba utakuonyesha mkoba unaokufaa, na mkoba utakuonyesha ukubwa wa parachuti kuu.

Sababu ni kwamba hizi mbili hazifunguki katika mazingira sawa. Kuu huifungua mwenyewe, juu, ukiwa na akili timamu na muda wa kutafuta pa kutua. Akiba hufunguka siku mambo yamekwenda kombo: umezungushwa hadi huoni vizuri, umeshafika chini mno, uwanja uko mbali na mbele yako kuna miti. Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Umegongana na mwenzako hewani, umezimia, na kifaa cha elektroniki ndicho kilichoifungua. Hakuna wa kushika breki, zile kamba za kuongozea parachuti na kupunguza mwendo. Parachuti itakushusha hivyo hivyo, breki zikiwa nusu kama zilivyofungwa, mpaka mwili ugonge ardhi. Katika hali hiyo ukubwa wa kitambaa kilicho juu yako ndio msaada pekee uliobaki. Hata hivyo bado naletewa mikoba yenye kuu ya futi za mraba 170 na akiba ya 126, na muuzaji anaeleza kwa fahari jinsi mkoba ulivyo mdogo na mwembamba mgongoni. Mtu wa kilo 80 hana anachotafuta chini ya akiba ya 126.

Tufanye hesabu yenyewe, maana ni rahisi. Chukua uzito wa mwili, ongeza nguo, helmeti na seti nzima. Kwa seti ya mtu anayeanza, vyote hivyo hukaribia kilo 12. Mtu wa kilo 80 anatoka kwenye ndege na kilo 92, yaani takriban ratili 203. Gawanya ratili hizo kwa futi za mraba za parachuti. Kwa 210 utapata 0.97, kwa 190 utapata 1.07, kwa 170 utapata 1.19, na kwa 150 utapata 1.35. Kwa mwenye leseni mpya, nambari ya kukaa nayo ni 1.0 au chini yake. Ikizidi kidogo, mkufunzi anayekujua unavyotua ndiye wa kuamua, si muuzaji wala rafiki yako aliyeanza mwaka mmoja kabla yako. Na nambari hiyo haisemi yote. Parachuti ndogo hugeuka haraka zaidi na hupoteza mwinuko mwingi zaidi kwenye kona kuliko kubwa, hata kama uwiano ni ule ule, kwa hiyo mtu mwepesi asidhani 135 ni salama kwake kwa sababu tu hesabu imempa 1.0. Anayerukia uwanja wa nyanda za juu, au wakati wa joto kali, ajue pia kwamba hewa nyepesi humfanya atue kwa kasi kubwa kuliko alivyozoea.

Ukienda na hesabu hiyo, akiba yako itakaribiana na kuu kwa ukubwa. Hilo lina faida nyingine: ikitokea zote mbili zimefunguka kwa pamoja, parachuti zinazolingana hukaa pamoja hewani kwa utulivu kuliko kubwa na ndogo. Soma pia kibandiko kilichoshonwa kwenye kitambaa cha akiba, kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa. Baadhi ya watengenezaji huweka hapo hapo visanduku vya kutia alama kila inapofungwa upya na kila inapotumika. Visanduku vikikaribia kujaa, jua kwamba itabidi irudi kiwandani, na gharama hiyo itakuwa juu yako.

Mkoba nao una mambo mawili yanayochanganywa sana: nafasi ya parachuti, na kipimo cha mikanda ya mwili. Mkoba ulioshonwa kwa 150 haubebi 190 kwa kulazimisha. Akiba ikibanwa kupita kiasi, kijiparachuti cha kuivuta nje kinaweza kuchelewa kuruka. Ikiwa kuu ni ndogo mno kwa nafasi yake, kitanzi kinachoufunga mkoba hulegea na pini yake inaweza kuchomoka pasipotakiwa. Kila mtengenezaji ana jedwali la ukubwa. Lisome hilo, usisikilize "huyu jamaa aliingiza 170 humo". Lakini wengi hukwama kwenye mikanda. Mikanda ikiwa mirefu kwako, parachuti ikifunguka mwili hushuka ndani yake na ile ya mabega hupanda hadi masikioni. Vishikio navyo huhama. Kile cha kuachilia kuu iliyoharibika na kile cha kufungua akiba ambavyo uliviona kifuani ukiwa umesimama chini sasa viko pengine kabisa, na hapo ndipo utakapovihitaji. Kwa hiyo usiridhike na kujitazama kwenye kioo. Ning'inizwa. Karakana nyingi za parachuti zina mahali pa kufunga mikanda juu ili mtu aning'inie. Kaa hapo dakika chache, angalia chini, shika kishikio kimoja kimoja. Mikanda inaweza kukatwa na kushonwa upya kwa kipimo chako, ila ni kazi ya fundi mwenye kibali na ina bei yake. Iweke kwenye hesabu kabla hujafurahia bei ya tangazo.

Kifaa cha elektroniki cha kufungua akiba sitakitetea kwa maneno mengi. Kinunue. CYPRES ya kampuni ya Airtec ya Ujerumani ilitoka mwaka 1991, na tangu hapo vifaa vya namna hii vimekuwa sehemu ya kawaida ya seti. Ya warukaji wenye leseni hukata kitanzi cha akiba ikiwa uko karibu mita 225 kutoka ardhini na bado unaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Kasi hiyo kwa kawaida huifikii ukiwa chini ya parachuti nzima, lakini pia kuna hitilafu zinazokushusha polepole kuliko hapo, na kifaa kitanyamaza. Kwa hiyo kisikufanye uchelewe kuvuta. Unapokinunua kilichotumika, unanunua miaka iliyobaki: CYPRES za sasa zina umri wa miaka 15.5, na kwa vifaa vya kampuni nyingine, Vigil miaka 20, M2 miaka 15. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, fanya kutoa, na ugawe bei kwa miaka iliyosalia. Seti "ya bei poa" mara nyingi ina kifaa kinachokaribia kufa.

Sasa parachuti kuu, ambayo watu huizungumza mno ilhali uamuzi wake ni mwepesi. Chukua ya mstatili au iliyopinda kidogo tu pembeni, ya seli (vyumba vya hewa) 9 au 7, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Sabre2, Pilot, Safire, Spectre na Navigator ni majina utakayoyasikia, na yote yamelea watu wengi. Parachuti za mbio, zilizochongoka sana, ziache. Kwa mgeni ninapendelea iliyotumika kidogo kuliko mpya kabisa, kwa sababu isiyoeleweka mpaka ujaribu: kitambaa kisichopitisha hewa kinapokuwa kipya huteleza kama kambale, na mtu anayejifunza kufunga anaweza kumaliza saa nzima akigombana nacho sakafuni. Kikisharuka mara mia mbili tatu hukubali kukaa kwenye mfuko.

Kamba ndizo hunifanya nivute kiti. Nyingi ni za uzi wa Spectra: nyembamba, imara, lakini zina ila moja. Slaida, kile kitambaa kinachoteleza kwenye kamba ili parachuti isifunguke kwa ghafla, inaposhuka wakati wa kufunguka husugua kamba za pembeni na za breki, joto la msuguano huo huzifupisha, huku za katikati zikibaki na urefu wake. Parachuti hupoteza umbo lake pole pole bila mwenyewe kujua. Hulalamika tu kwamba siku hizi inafunguka kwa kishindo au inavuta upande. Vectran, uzi wa aina nyingine, haifupiki hivyo, ila huota manyoya na kukatika bila kukuaga kwa muda mrefu. Ninachofanya ni hiki: nafunga upande wa chini mahali pamoja, nazivuta kamba kwa nguvu sawa, napima kila kundi kwa futikamba na kulinganisha kushoto na kulia, halafu na vipimo vya mtengenezaji. Kisha naitembeza kamba ya breki kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kwenye kijicho ambapo kishikio hufungwa. Hapo ndipo huanza kulika. Kama kamba zote zinataka kubadilishwa, si sababu ya kuiacha parachuti, ni sababu ya kupunguza bei kwa kiasi cha kazi hiyo.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho karibu hakuna mnunuzi anayekiangalia. Kijiparachuti unachokirusha kwa mkono ili kiivute kuu nje kina kamba ya ndani inayokisinyaza baada ya kazi yake. Kabla ya kufunga unaivuta ili kiwe tayari, na kwenye utepe kuna kidirisha kinachoonyesha rangi kuthibitisha kwamba kiko tayari. Kamba hiyo nayo hufupika kwa msuguano. Ikifupika vya kutosha, kidirisha kinaonyesha rangi vizuri, lakini kijiparachuti hakijai hewa sawasawa, kinaburuzwa nyuma yako na mkoba haufunguki. Kiweke tayari, ushike kitambaa kwenye kishikio cha juu kwa mkono mmoja na utepe kwa mwingine, uvute. Uzito unapaswa kubebwa na nyavu na kitambaa. Kamba ya katikati ikikaza kwanza, badilisha.

Haya yote fundi huru ayaone kabla hela haijatoka mfukoni. Nasema huru nikimaanisha si yule anayemsaidia mwenye seti kuiuza. Muuzaji mkweli hukubali kuituma seti kwa fundi wako huku malipo yakishikwa na mtu wa kati. Akikataa, mwache. Linganisha nambari zilizoko kwenye mkoba, akiba na kifaa na zile za kwenye kadi ya ukaguzi, na uhakikishe haziko kwenye orodha za vilivyoibwa. Uliza pia kama mtengenezaji aliwahi kutoa taarifa ya usalama kuhusu toleo hilo, na kama marekebisho yalifanyika. Kadi ikionyesha akiba imefungwa juzi, usidhani umekwepa gharama. Marekani, kwa mfano, akiba lazima ifungwe upya kila siku 180, na seti ikifika kwangu kwa ukaguzi wa kuuzwa naifungua hata hivyo. Siwezi kuthibitisha nisichokiona.

Kuhusu pete tatu za kuachilia kuu, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970, siku hizi hutazikosa kwenye mkoba wowote wa maana. Hakikisha tu kuna mkanda unaoifungua akiba pale kuu inapoachiliwa, na kama hela inaruhusu, chukua mkoba wenye mfumo ambao kuu inayoondoka ndiyo huivuta akiba nje. Kwa mgeni, sekunde zinazookolewa hapo zina thamani kuliko jina lake kutariziwa mgongoni.

Ikiwa hela haitoshi seti nzima, usinunue nusu mbovu. Nunua vinavyokaa mwilini: helmeti inayokukaa, altimita (kipimo cha mwinuko) ya mkononi, altimita ya sauti ya sikioni, miwani, suti ya kipimo chako. Seti endelea kukodi. Mtu aliyepata leseni ya A, ile ya kwanza, ambayo kwa taratibu za USPA, chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani, huhitaji miruko isiyopungua 25, huenda akabadilisha ukubwa wa parachuti mapema. Akodi mpaka atue vizuri mfululizo, penye upepo na pasipo na upepo, kwenye ukubwa anaotaka kununua.

Ukishaipata, siku ya kwanza usipande nayo ndege kwa mruko wa kikundi. Vishikio vyake si lazima viwe mahali pale vilipokuwa kwenye seti ya shule. Viguse kwa mkono mara nyingi ukiwa chini, umevaa. Kisha ruka peke yako, fungua juu kuliko kawaida, na utumie mwinuko huo kuijua: geuka pande zote mbili taratibu, vuta breki mpaka chini uone inapoanza kusimama (kuacha kuelea na kuanza kuporomoka), achia pole pole, rudia. Breki za mwenye kuuza huenda zilipimwa kwa mikono mirefu kuliko yako. Ukiona ukingo wa nyuma wa parachuti umevutwa chini hata mikono ikiwa juu kabisa, au hupati nguvu ya kuisimamisha hata ukivuta mpaka mapajani, niletee tuziweke sawa kabla ya mruko wa pili.