Lenta, mkanda na maneno mengine yanayochanganywa katika ujenzi wa nyumba

Katika kazi yangu ya usanifu majengo, mabishano mengi ninayoitwa kuyasuluhisha kati ya mwenye nyumba na fundi hayatokani na hila ya mtu, bali hutokana na neno moja ambalo kila upande umelipa maana yake. Mwenye nyumba husema "lenta" akiwaza kipande cha zege kinachokaa juu ya mlango, ilhali fundi husikia zege linalozunguka nyumba nzima. Wote wawili huondoka wakiamini kwamba wameelewana, na tofauti hujitokeza siku ya kununua nondo. Nitayaeleza maneno haya kwa kufuata kazi ya kila kiungo, kwa kuwa ukishajua kitu kinabeba nini na kinaupeleka wapi mzigo wake, jina lake halikupotei.

Nianze na saruji na zege, maana hapo ndipo makosa huanzia. Saruji ni ule unga wa mfukoni peke yake. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, na ukiondoa kokoto unabaki na mota ya kujengea tofali au ya kupigia lipu. Uwiano maarufu wa zege ni 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji kwa viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Maji hayatajwi katika uwiano huo, na kwa maoni yangu pengo hilo limeharibu nyumba nyingi kuliko uhaba wa saruji, kwa sababu zege la majimaji humwagika kwa urahisi na fundi aliyechoka hushawishika kuongeza ndoo nyingine. Maji yanayozidi mahitaji ya saruji huacha vitundu vidogo yanapotoka, na vitundu hivyo ndivyo udhaifu wenyewe. Isitoshe, zege halikauki kama nguo iliyoanikwa. Huwa gumu kwa mmenyuko wa kikemia kati ya saruji na maji, na ndiyo sababu humwagiliwa kwa siku 7 angalau, huku wahandisi wakiipima nguvu yake rasmi baada ya siku 28.

Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi, kwani uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Kazi ya kuhimili mvuto hupewa nondo. Vitu hivi viwili hupatana kwa sababu hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana, hivyo haviachani jua likiwaka. Swali la maana, basi, ni nondo zikae wapi. Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili hujipinda katikati kuelekea chini, upande wake wa chini ndio unaovutwa, na nondo kuu hulazwa chini. Slabu, yaani bamba la zege, inayochomoza nje ya ukuta bila nguzo, kama ile ya roshani, hujipinda kinyume chake: upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu lazima zikae juu. Niliwahi kusimamisha umwagaji wa zege asubuhi ileile ya kazi kwa sababu nondo za roshani zilikuwa zimelazwa chini kwa mazoea ya boriti. Zilikuwa nene na zilikuwa nyingi, lakini mahali pale zisingesaidia lolote.

Sasa turudi kwenye lenta. Kwa maana yake halisi, lenta ni boriti fupi inayovuka uwazi wa mlango au dirisha na kuupeleka uzito wa tofali za juu kwenye kuta za pande mbili. Ni lazima iingie ndani ya ukuta kila upande, na kwa kawaida sipendi kuona chini ya milimita 150. Mkanda ni kitu kingine: ni boriti inayopita juu ya kuta zote bila kukatika, na kazi yake ni kuzifunga kuta pamoja ili zisiachane paa linapozisukuma au udongo unapotitia upande mmoja. Katika nyumba nyingi ndogo mkanda hupitishwa usawa wa juu ya madirisha, ukawa unafanya kazi zote mbili kwa mpigo, na hapo ndipo majina yalipochanganyikana. Hakuna ubaya kuviunganisha, mradi nondo zilizo juu ya uwazi ziwe zimekadiriwa kama za lenta.

Msingi nao si kitu kimoja. Kuna kitako cha zege kilicho chini kabisa ndani ya mtaro wa msingi, ambacho huutawanya uzito juu ya udongo; kuna ukuta wa msingi unaopanda kutoka kwenye kitako hicho; na kuna jamvi, yaani zege la sakafu linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Jamvi halibebi nyumba, na likipasuka mara nyingi kosa huwa la kifusi kilichojazwa chote kwa siku moja badala ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kati ya ukuta wa msingi na ukuta wa juu hulazwa tabaka la kuzuia unyevu, angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Wanaoliruka hukutana na lipu inayobanduka sehemu ya chini ya kuta, wakadhani rangi waliyonunua ni mbovu.

Kuhusu paa nitasema kwa ufupi: makombamoyo ni miti au mbao za mteremko zinazoegemea mtambaapanya uliolazwa juu ya ukuta, ilhali kenchi ni fremu kamili ya pembetatu ambayo ubao wake wa chini huzuia miguu ya pembetatu hiyo isitanuke na kuzisukuma kuta nje. Kwa hiyo fundi wa umeme asikubaliwe kuukata ubao huo ili kupitisha mabomba yake.

Mwisho ni ramani. Ramani ya sakafu si picha ya nyumba inayotazamwa kutoka juu ya paa. Ni mkato wa mlalo unaopita takriban mita 1.2 kutoka sakafuni, kana kwamba nyumba imekatwa kwa msumeno na sehemu ya juu ikaondolewa. Ndiyo maana dirisha dogo la bafuni, lililo juu ya mkato huo, huchorwa kwa mistari ya vipandevipande, nami huulizwa mara kwa mara kwa nini nimelisahau.