Je, wajua? Mzee anaweza kutengwa ndani ya nyumba iliyojaa watu

Tulipomhamisha nyanya kutoka Siaya tukamleta Nakuru, nilijipongeza kwamba tumemtoa upwekeni. Nyumbani kwetu Section 58 tulikuwa watu sita, televisheni ikiwashwa tangu saa kumi na mbili asubuhi, na nilikuwa nimemnunulia redio ndogo asikilize habari za Kijaluo. Mwaka haujaisha, akawa anauliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Niliposoma kwamba kutengwa na watu huongeza hatari ya dimensha, yaani maradhi ya kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, nikapita haraka. Hilo si letu, huyu hakai peke yake.

Nilikuwa nahesabu vichwa. Watafiti wanaopima kutengwa huuliza pia unaonana na nani, mnazungumza mara ngapi, na uko kwenye kikundi gani. Ukiwa, yaani ile hali ya kujihisi mpweke, hupimwa mbali. Kwa kipimo hicho mambo yanageuka: kule Siaya nyanya alilala peke yake, lakini jirani alikuja kuomba chumvi, alikuwa na chama, alikuwa na kanisa, na alikuwa na muuza omena wa kubishana naye bei. Nakuru alizungukwa na watu sita waliomwambia "shikamoo" na "chakula tayari". Aliyetengwa ni huyu wa Nakuru.

Na televisheni je, si inaongea mchana kutwa? Inaongea, ila haingoji jibu. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 wakaona kwamba pengo kati ya mtu kunyamaza na mwenzake kujibu ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ajabu ni kwamba kuandaa neno moja tu la kutamka huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa hiyo jibu huanza kupikwa mwenzako akiwa bado anasema.

Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu unapanda wa yule ukishuka. Ukingoja mwenzako amalize ndipo uinue wako, umeshachelewa. Ukiwahi, michi inagongana. Lazima ukisie mwendo wake, uushike wako, na urekebishe pigo kwa pigo. Mazungumzo ni hivyo: sikiliza, kisia, kumbuka, chagua neno, soma uso, vyote kwa pamoja. Mtazama televisheni amekaa kando ya kinu akisikia mdundo.

Inadhaniwa kazi hiyo hujenga akiba ya ubongo. Mwaka 1988 mtafiti Robert Katzman na wenzake walieleza juu ya wazee ambao ubongo wao, ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikuwa na dalili tele za Alzheimer, aina ya dimensha iliyoenea zaidi, ilhali walipokuwa hai akili zao zilikuwa timamu. Ni kama mwenye bodaboda anayejua vichochoro: barabara kuu ikifungwa, bado anafika.

Hapa lazima nipunguze mwendo. Dimensha yenyewe humfanya mtu ajitenge miaka kadhaa kabla haijatambuliwa, hivyo si rahisi kusema kipi kilitangulia. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 2024, lilikadiria kwamba kutengwa kunahusika na takriban asilimia 5 ya dimensha duniani. Huko Marekani, wazee waliotengwa wenye miaka 75 na zaidi walipigishwa gumzo kwa video nusu saa, mara nne kwa wiki. Baada ya miezi sita, kwenye jaribio la kupima akili na kumbukumbu, waliwapita wenzao wasiopewa gumzo hilo kwa chini ya pointi mbili kati ya 30. Si muujiza, lakini dawa yenyewe ilikuwa porojo.

Jopo lilelile liliupa upungufu wa kusikia asilimia 7. Tukampeleka nyanya apimwe masikio. La kushoto lilikuwa limezibwa na nta, na sisi tulidhani amenuna.

Sasa jirani mmoja mzaliwa wa Kisumu huja jioni na ubao wa ajua, ule mchezo wa bao wa Wajaluo. Maswali nyanya bado anayarudia. Mbegu zangu kwenye ubao anazijua kuliko mimi.