Kuonekana Kiongozi na Kuongoza ni Mambo Mawili

Wiki iliyopita nilikaa tena katika jopo la usaili lililokuwa likitafuta mkuu wa idara, na kwa mara nyingine nikasikia hukumu ambayo nimeisikia katika majopo mengi mno: "Kazi anaijua, lakini ni mpole sana, hataweza kuongoza." Msailiwa huyo alikuwa amejibu kila swali kwa ukamilifu. Kilichomponza ni kwamba alitafakari kabla ya kujibu na hakupaza sauti. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba hata saikolojia inasema hivyo. Kwa kuwa saikolojia ya haiba kazini, yaani ya tabia za kudumu za mtu, ndiyo taaluma yangu, sikuweza kunyamaza.

Yaliyo mepesi nitayapitia haraka. Haiba si makundi mawili ya wasemaji na wakimya. Vipimo vinavyompa mtu herufi nne za kutaja aina ya haiba yake, ambavyo chimbuko lake ni nadharia aliyoichapisha mwanasaikolojia Carl Jung mwaka 1921, humchukua mtu aliye karibu na wastani, na wengi wetu tuko hapo, kisha humsukumia upande mmoja kana kwamba yuko mwishoni kabisa. Akijaza dodoso lilelile baada ya wiki chache, anaweza kuangukia upande wa pili ilhali hajabadilika. Watafiti wengi hutumia sifa tano zinazopimwa kwa viwango: uchangamfu, uwajibikaji, upole, uwazi kwa mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote, kwa kiasi chake.

Linaloniudhi ni neno "mpole" lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunamwita mpole mtu asiyesema sana, na pia mtu mwenye huruma na mwepesi wa kushirikiana na wenzake, kama vile mambo hayo mawili hayatengani. Katika vipimo yanatengana kabisa. Kusema kidogo ni kiwango cha chini cha uchangamfu. Kuwajali wengine ni kiwango cha juu cha upole. Yupo mkimya asiyemjali yeyote, na yupo msemaji mkubwa mwenye moyo laini. Jopo linapoandika "mpole sana" kwenye karatasi, mimi sijui limeona sifa ipi, na nina hakika kwamba hata lenyewe halijui.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu haiba na uongozi, wakatenganisha maswali mawili ambayo majopo huyachanganya: nani huibuka kuwa kiongozi machoni pa wenzake, na nani huongoza kwa ufanisi akishapewa nafasi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutokuwapo kwa uhusiano wowote na 1 ni uhusiano kamili, uchangamfu ulihusiana na kuibuka kwa 0.33, lakini na ufanisi kwa 0.24. Upole ulikwenda kinyume: 0.05 tu katika kuibuka, na 0.21 katika ufanisi. Maana yake ni kwamba sifa ambayo karibu haimsaidii mtu kuonekana kiongozi inakaribiana na uchangamfu pale anapoongoza kweli. Jopo la usaili linalomtazama mtu kwa dakika arobaini linapima kuibuka, kisha linatangaza kwamba limepima ufanisi.

Sitaki pia kuwapa silaha wale wanaokimbilia upande wa pili kwa kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma au kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kiwango cha 0.24 si sifuri. Wachangamfu wana nafuu halisi, ila ni nafuu ndogo: ukizidisha 0.24 kwa 0.24, unaona kwamba inaeleza takriban asilimia 6 ya tofauti za ufanisi zilizopo kati ya viongozi, na kiasi hicho hakitoshi kumkataa mtu yeyote.

Lipo jambo linalonisumbua zaidi, nami sina jibu lake. Ufanisi katika tafiti hizo ulipimwa mara nyingi kwa maoni ya wakubwa au ya wasaidizi wa kiongozi, yaani kwa macho na masikio yaleyale yanayovutwa na mtu anayejieleza vizuri. Huenda hata ile 0.24 imevimbishwa na maneno. Tena sina hakika kuhusu chanzo na tokeo: mtu akipewa madaraka hulazimika kuzungumza kila siku, naye anapojaza dodoso baada ya miaka mitano hujiona mchangamfu. Je, uchangamfu ulimfikisha kwenye cheo, au cheo kilimfanya mchangamfu? Nashuku kwamba yote mawili hutokea, lakini siwezi kuyapimia sehemu zake.

Niliwaomba wajumbe wafute neno "mpole" na badala yake waandike alichokifanya msailiwa: aliulizwa nini, akajibu nini, na alipokuwa msimamizi wa wengine aliutatua vipi mgogoro aliousimulia. Kisha nikawaomba wawaulize watu aliowahi kuwasimamia, si wakubwa wake peke yao. Wawili walikubali mara moja. Mwenyekiti alitaka kujua kama jambo hilo litachelewesha uteuzi, nikamjibu kwamba litauchelewesha kwa siku chache. Hadi ninapoandika haya, uamuzi haujatolewa.